Kinachoua: Hakuna

Mafundi wengi wa Keroka watu huwajua kwa mikono yao. Haron Momanyi walimjua kwa miguu.

Ukimpelekea gari linalotetemeka, hakufungua boneti wala hakuingia chini yake. Alivua viatu, akavua soksi na kuzikunja vizuri kama mtu anayejiandaa kulala, akaketi kando ya dereva, akafunua zulia la sakafuni na kukanyaga bati tupu. Kisha akafumba macho.

"Twende," alisema. "Na usiniambie kitu."

Mlitoka hapo mkashika barabara ya kwenda Nyaramba, mkapanda na kushuka katikati ya majani chai, na mkirudi alikuwa na jibu. Mtetemo unaoanza ukifika themanini na kutulia ukipita mia, hizo ni tairi hazijasawazishwa. Unaokuja ukikanyaga mafuta mlimani na kupotea ukiachilia, hiyo ni shafti. Ukija kwenye breki peke yake, diski zimepinda. Gari limesimama, injini inanguruma, na kiti kinakutikisa matumbo, basi mauntingi za injini, zile raba za kuishikilia, zimekufa na usimlaumu mtu mwingine. Kila ubovu una mwendo wake, alisema Haron. Tairi husaga sawasawa, kama mashine ya unga. Lakini boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu la mbele, hupiga teke moja, hunyamaza, kisha hukungoja kwenye kona nyingine. Huo ndio mtetemo pekee aliouogopa. Boljointi ikikatika gurudumu hulala chini, na gari huenda linakotaka lenyewe.

Ujuzi huo hakuupata shuleni. Alizaliwa Ikonge, kwenye chai, na ujana wake aliumalizia juu ya matrekta ya kubebea majani, bila viatu, kwa sababu viatu vilikuwa vya kanisani. Miaka hiyo yote nyayo zake zilikuwa zikisoma vyuma, na yeye hakujua kwamba anasoma. Alipohamia Keroka na kukodi kipande cha uwanja kando ya Cleophas mchomeleaji, watu walimcheka miezi miwili, mitatu hivi. Halafu wakaacha kucheka wakaanza kupanga foleni. Kwa nyayo hizo alimwoa Edinah, akajenga nyumba ya matofali, akasomesha watoto watatu kuanzia Linet hadi wa mwisho. Mtu akiringa kwa kitu kama hicho, unamwelewa.

Na aliringa kweli. Jeki ilikuwepo uwanjani, lakini kwa Haron kuinua gari kabla ya kulitolea hukumu ilikuwa aibu. Alitamka kwanza ubovu ni nini, ndipo akainua, ili wote waliosimama pale waone kwamba alichosema ndicho kilichokutwa. Wengine walikuja kutazama hilo tu.

Magari yaliyomjia yalikuwa makuukuu, yaliyokwisha kupita mikono mitatu minne. Kila gari alilipa daftari lake la shule, la kurasa thelathini na mbili, likae ndani ya gari lenyewe. Katika ukurasa wa kwanza aliandika vichwa vitatu: Kinachoua. Kinacholaza njiani. Kinachokera. Chini ya kila kichwa aliandika vitu vyake na kilomita za kuvishughulikia. Gari lililotembea kilomita laki tatu huwezi kulitengeneza lote, aliwaambia wenyewe. Ukijaribu utauza shamba. Unachoweza ni kupanga. Cha kwanza kikiisha unaenda cha pili, na cha tatu unaweza kuishi nacho kama unavyoishi na jirani msumbufu. Kulikuwa na watu waliomwamini Haron Momanyi kuliko walivyowaamini madaktari wao.

Halafu sukari ikamwingia.

Ilikuwa imepita miaka miwili na ushei tangu muuguzi wa zahanati amwambie. Alipewa vidonge na masharti: aache soda, asiende pekupeku, na kila jioni ashike kioo akague nyayo zake. Vidonge alivimeza alipovikumbuka. Kioo hakukishika hata siku moja. Mtu mzima, mzee wa watu, anayewapangia wenzake magari yao kwa kilomita, alishindwa kujipangia jambo la dakika mbili! Edinah alimwambia hivyo hivyo, jikoni, mara nyingi tu.

"Baba Linet, wewe pia unahitaji daftari."

"Mimi bado niko kwa kinachokera," alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Alichomficha Edinah ni kwamba nyayo zilikuwa zinakufa ganzi. Zilianza na vidole. Ikawa kama amevaa soksi nzito asizoweza kuzivua. Kisha kisigino. Ilipofika Krismasi ya mwaka jana, Haron alikuwa akiweka miguu kwenye bati la gari na kusikia kimya. Gari lilitetemeka, meno yake yaligongana, lakini chini kule palikuwa kimya, kama simu iliyozimwa.

Angesema siku ile. Angemwambia Cleophas, "Ndugu yangu, sasa nitatumia jeki kama wengine," na Cleophas angemcheka juma moja, yakaisha. Hakusema. Alinunua chupa ndogo ya maji, akawa anaiweka sakafuni kati ya miguu yake, na alipojifanya amefumba macho aliyatazama maji yakicheza. Wenye magari walidhani ni ya kunywa. Na yale maneno yake, "usiniambie kitu," aliyasema bado, ila siku hizi aliyasema taratibu na kunyamaza kidogo baadaye, kwa sababu alijua binadamu ukimkataza kusema ndipo anasema. Wakasema. Naye akachota humo humo, akachanganya na maji ya chupa na uzoefu wa miaka thelathini, na mara nyingi akapatia. Chupa ilimwonyesha kwamba gari linatetemeka. Haikumwonyesha mtetemo unatoka wapi.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, jua limeinamia vilima, Dancun Okoth aliingiza gari lake jeupe uwanjani. Dancun alitoka kaunti za kando ya ziwa, lakini Keroka alikuwa na miaka kumi na miwili, na duka lake la dawa za mifugo na mbegu lilikuwa halikosi watu. Alisali kanisa moja na Haron, la Wasabato. Gari lenyewe lilionyesha kilomita laki tatu na arobaini elfu, na hizo ni zile tu ambazo saa yake ilikubali kuungama. Mkewe, Anyiko, ambaye yeye alimwita Mama Akumu, ndiye aliyeliendesha zaidi, akipeleka dawa na vifaranga siku za soko, Ikonge na Nyaramba.

"Fundi, hii gari itanitoa meno," Dancun alisema akishuka. "Saa zingine ni usukani, saa zingine ni kiti. Inatetemeka tu."

"Usiniambie kitu," Haron alisema, akanyamaza kidogo.

"Sawa. Lakini Mama Akumu anasema kuna kitu inagonga akikata kona. Mara moja tu, halafu inanyamaza. Mimi sijaiskia."

Haron alivua viatu. Alivua soksi, akazikunja. Walishika barabara ya Nyaramba, Dancun akiendesha kwa adabu kwa sababu ameketi na fundi, akiingia kila kona polepole kama anayebeba mayai. Kwenye tambarare gari lilifika themanini, usukani ukaanza kucheza mikononi mwa Dancun, na maji ya chupa yakarukaruka. Hizo ni tairi, Haron alijua, hilo hata kipofu angelisema. Lakini lile la kona? Alikandamiza nyayo zake kwenye bati, akazikandamiza kwa nguvu zote mpaka magoti yakauma, akingoja teke. Hakusikia kitu. Alikaa hivyo kwenda na kurudi, karibu dakika arobaini, miguu imegandamizwa pale pale. Jasho lilimtoka na hakujua kama ni joto la gari au ni hofu yake.

Walipoingia uwanjani Cleophas alikuwa akikusanya vyuma vyake. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja.

"Omogaka, mzee wetu, inua hiyo kitu na jeki," Cleophas alisema. "Dakika mbili tu utajua."

Dakika mbili zilikuwepo. Unainua gurudumu la mbele, unalishika juu na chini, unalitikisa. Boljointi ikiwa imekwisha, mkono unakwambia mara moja. Mikono ya Haron ilikuwa mizima. Lakini alikuwa hajatamka hukumu bado, watu watatu walikuwa wamesimama wakingoja kuisikia, na Dancun alikuwa akitazama saa yake kwa sababu Sabato huingia jua likizama, na kazi zote husimama.

"Jeki ni ya wasiosikia," Haron alisema, nao wakacheka kama kawaida. "Ni balansi ya tairi za mbele. Na mauntingi moja imechoka. Leteni Jumapili asubuhi tuinue, tufanye yote."

Akachukua daftari jipya, akaliegemeza kwenye boneti, akaandika kwa haraka kabla jua halijazama. Kinachokera: balansi. Kinacholaza njiani: mauntingi, boljointi za mbele, ziangaliwe. Alisita kwenye kichwa cha kwanza. Kisha akaandika: hakuna.

"Kesho Mama Akumu anapelekea mgonjwa Meza ya Bwana huko Nyaramba, pamoja na Mzee Nyamweya," Dancun alisema. "Itatembea?"

"Itatembea," Haron alisema. "Aende polepole tu."

Jioni ile alioga kwa kujimwagia maji, akavaa soksi safi, akala, akasali na mkewe. Miguu hakuitazama.

Sabato hiyo ya kesho yake ilikuwa ya mwisho wa robo, ya Meza ya Bwana, na kabla ya mkate na divai waumini hutawadhana miguu. Wanawake walibaki kanisani. Wanaume walikwenda darasa la watoto, wakaketi kwenye vile viti vidogo magoti yakiwafika kidevuni, kila mmoja akitafuta mwenzake. Mashemasi walikuwa wamepasha maji kwenye sufuria kubwa maana asubuhi za Keroka zina baridi yake. Haron alikuwa akitafuta kona ya kujificha wakati Dancun Okoth alipomjia na beseni na taulo, uso umejaa tabasamu.

"Leo ni mimi na wewe, ndugu Momanyi," alisema. "Hiyo miguu imenisaidia sana."

Akapiga magoti kwenye saruji na suti yake. Akafungua kamba za viatu vya Haron, akavua kiatu cha kulia, akashika soksi na kuivuta. Soksi ilishika. Alivuta tena, taratibu, nayo ikatoka na ngozi.

Dancun alikaa ameshika ile soksi, na tabasamu likamtoka polepole. Wayo wote wa Haron ulikuwa umechubuka, mwekundu na mweupe, umelowa, na katikati yake ilipita mistari mitatu iliyonyooka, yenye nafasi sawa.

"Ndugu yangu," alinong'ona. "Hii mguu imeungua lini?"

Haron aliinama akatazama. Ile mistari mitatu aliitambua kabla hajamaliza kuitazama. Ni matuta ya bati la sakafu, yale yanayopita chini ya miguu ya abiria, juu ya bomba la moshi. Kinga ya joto ilikuwa imeoza ikaanguka, bati likawa kama kikaango, naye akaweka wayo wake wa kulia hapo dakika arobaini akaukandamiza. Gari la Dancun lilikuwa limemchoma hadi nyama na hakusikia. Na kama hakusikia moto, angesikiaje teke la boljointi?

Alijua hapo hapo, kwa ukamilifu, kama mtu aliyesomewa barua. Mama Akumu alikuwa amesikia mlio mmoja kwenye kona. Mama Akumu alikuwa sahihi.

Midomo yake ilifunguka. Pande zote za chumba wanaume walikuwa wakioshana na kuombeana kwa sauti za chini, wateja wake wote, wenye magari yenye daftari zake. Alihesabu kwa kichwa kama radi magari yote aliyoyatolea hukumu tangu Krismasi.

"Jana usiku," alisema. "Nilikanyaga jiko. Giza."

"Na hukusikia?"

"Nilisikia kidogo. Ni hii sukari."

Dancun alitikisa kichwa. Yeye alikuwa mtu wa dawa za mifugo, kwato zilizooza alizijua. "Kesho nakupeleka hospitali Kisii mwenyewe," alisema. "Hata kama ni kukubeba." Kisha akachota maji kwa kiganja na kumwosha pembeni pembeni ya jeraha, kwa upole mwingi, akaukausha mguu kwa kuugusa tu na ncha ya taulo. Akaosha na ule wa pili, ambao haukukaa juu ya bomba. Haron alipopokea zamu yake ya kuosha, aliosha harakaharaka bila kuinua macho, na Dancun akadhani ni maumivu. Wakakumbatiana, kama inavyopaswa.

Walirudi kanisani. Edinah alikuwa ameketi upande wa wanawake, pamoja na Anyiko, wamevaa nyeupe wote wawili, walikuwa wameoshana. Mkate ukapita. Haron akaupokea. Divai ikapita katika vikombe vidogo, akainywa. Baada ya hapo, huku watu wameinamisha vichwa, Anyiko aliinuka na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, funguo za gari kidoleni, na Mzee Nyamweya akamfuata akijikongoja. Mgonjwa wa Nyaramba alikuwa mbali, na matangazo ya kanisa lile yanajulikana urefu wake, wasingengoja mwisho.

Walipita kando ya benchi la Haron. Alikuwa ameketi mwisho kabisa, upande wa njia. Kitambaa cha kikapu kilimgusa bega. Angenyoosha mkono angemshika Anyiko nguo. Neno moja tu lilihitajika, hata la uongo lingetosha: ngoja, nimesahau kufunga nati. Alijiambia kwamba ukimsimamisha mbele ya watu utamtisha bure. Akajiambia kwamba huenda ni balansi kweli. Akajiambia kwamba anaendesha polepole, kwamba gari limetembea hivyo miezi mingapi, kwamba baada ya baraka atamvuta Dancun pembeni amwambie taratibu. Akainamisha kichwa kama wengine. Gari likawashwa nje, nalo likatetemeka kidogo likiwa limesimama, na kila mtu mwenye miguu mizima ndani ya jengo lile angeweza kulisikia sakafuni.

Matangazo yakasomwa, yote.

Baada ya baraka alimkuta Dancun mlangoni. "Mpigie Mama Akumu," alisema. "Mwambie asimame alipo. Nimekuwa nikiwaza wakati wa maombi. Lile gari sina uhakika nalo."

Dancun alimtazama usoni, akatoa simu. Iliita. Akapiga tena, ikaita. Mara ya tatu ilipokelewa na sauti ya mwanamume asiyemjua, na nyuma yake watu walikuwa wakipiga mayowe.

Ilikuwa kwenye mteremko, kona ya pili. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala chini ya gari, na gari likaenda lilikotaka. Mzee Nyamweya alivunjika mkono na mbavu. Anyiko hakufika hospitali. Vikombe vidogo vya divai vilikutwa kwenye majani chai, na daftari likakutwa katika kijisanduku cha mbele, halijaloa, halijachanika, na mwandiko wa Haron Momanyi ulisomwa vizuri na askari wa barabarani: Kinachoua: hakuna.

Edinah aliposikia aliketi chini pale pale nyasini. "Nimemwosha miguu sasa hivi," alisema. "Sasa hivi." Alilirudia hilo siku nyingi.

Haron hakukana. Alikwenda kituoni mwenyewe, akakiri kwamba nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa na kwamba alikosea, kwamba alipaswa kuinua gari na hakuinua. Aliyasema hayo kwa askari, kwa mzee wa kanisa, na kwa Dancun, huku analia. Watu wa Keroka ni wakali lakini wana huruma zao. Walisema: angalau amekubali. Walisema: na ndiye aliyekuwa wa kwanza kushtuka, ndiye aliyesema apigiwe simu. Jambo hilo lilizunguka sokoni likawa kama sifa. Anyiko alizikwa nyumbani kwa mumewe, kando ya ziwa, na Dancun akasimama mbele ya ukoo wake wenye hasira na kuwaambia kwamba fundi ni ndugu yake kanisani, alikosea kama binadamu, na asiguswe. Haron alisikia habari hizo akiwa kitandani Kisii. Mguu wa kulia ulikuwa umeoza. Madaktari waliukata chini ya goti wiki ya sita, na alipozinduka alichohisi cha kwanza ni aibu kwamba bado yu hai.

Uwanja akamwachia Cleophas. Cleophas alinunua jeki ya pili. Magari yote yenye daftari yaliitwa tena moja moja na kuinuliwa. Mawili yalikutwa na ubovu ambao haukuandikwa.

Robo ikaisha, Meza ya Bwana ikaja tena. Haron hakutaka kwenda, Edinah akamvalisha kwa nguvu. Alikaa katika darasa la watoto kwenye kiti kidogo, magongo yameegemea ukuta, suruali ya upande wa kulia imepigwa pini. Alitumaini hakuna atakayemjia. Wanaume wengi walimpita wakijitia hamnazo. Halafu beseni likawekwa mbele yake, na aliyepiga magoti ni Dancun Okoth. Alikuwa amekonda. Suti ilikuwa ile ile.

"Nimekuja, ndugu Momanyi," alisema. "Mama Akumu angetaka hivyo."

Akafungua kamba za kiatu kimoja kilichobaki. Akavua soksi, akiivuta polepole, kwa uangalifu, akiutazama wayo kwanza kabla ya kuugusa. Akauweka mguu majini.

"Maji ina moto sana?" aliuliza.

"Sijui," Haron alisema.

Dancun alitia kiwiko chake kupima, kama mama anayemwogesha mtoto, akaridhika, akaanza kuosha. Aliosha kati ya vidole. Alikuwa akiomba kwa sauti ya chini, akimwombea fundi, na Haron akasikia jina lake mwenyewe likipelekwa kwa Mungu na kinywa kile. Hakuweza kulivumilia. Miezi mitatu alikuwa ameibeba siri yake, na alikuwa amejiapiza kwenda nayo kaburini, lakini wema ule ulimshinda.

"Sikukanyaga jiko," alisema.

Dancun aliinua macho.

"Ule mguu uliungua garini mwako. Ile mistari ilikuwa ya bati lako. Nilipouona hapa, nilijua siwezi kusikia kitu, na nilijua ni boljointi. Nilijua hapa, Okoth. Ukiwa umeshika soksi yangu. Kisha akapita karibu nami na kikapu, akanigusa bega, na mimi nikanyamaza."

Mikono ya Dancun ilisimama ndani ya maji. Pande zote wanaume waliendelea kuombeana. Dancun aliinamia beseni, na Haron hakuweza kuona uso wake, aliona tu utosi na mvi zilizoota humo tangu mwezi wa tatu. Alingoja kipigo. Alikitamani.

Dancun aliutoa mguu majini. Akautandazia taulo mapajani mwake, akaukausha wote, juu na chini, na katikati ya vidole, hakubakiza tone. Akauweka sakafuni taratibu. Kisha akainuka, akavaa koti lake, akachukua viatu vyake ambavyo alikuwa ameshavivua akingoja zamu yake, akatoka nje navyo mkononi, kwa soksi, kwenye tope.

Shemasi mmoja alikuja akauliza kama wamemaliza achukue beseni. Haron alimwambia bado. Aliketi pale mbele ya kiti kitupu mpaka wenzake wote wakarudi kanisani, na Edinah akaja kumtafuta.